Masaa 9 na dakika 35 kutoka Mtwara? Maoni yangu kuhusu kikokotoo cha safari za ndege

Natoa nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu nimeiongeza juzi baada ya kulala nikiifikiria. Ninayoizungumzia ni tovuti ya bure: unaandika mji unaotoka, unaandika mji unaokwenda, inakutolea kilomita na muda wa ndege. Ziko nyingi za namna hiyo na zinafanana kama vifaranga wa kuku mmoja, kwa hiyo hii yangu siitaji jina. Mwanangu anaiita kikokotoo. Neno hilo ndilo jina la hesabu ya mafao ya uzeeni pia, wastaafu wa nchi hii wakilisikia wanashika vichwa, na mimi sasa nawaelewa.

Mimi ni mbanguaji wa korosho, hapa hapa Mtwara mjini. Tuko akina mama kumi na wanne kwenye kikundi, tunabangua kwa zile mashine za kukanyaga na mguu huku mkono unavuta mpini, korosho moja baada ya nyingine. Tulichoka kusikia sifa za mashine za Vietnam kwa watu, tukaamua wawili wetu wakazione kwa macho kabla hatujatoa hela ya kikundi. Na kwa nini Vietnam? Kwa sababu korosho ghafi zetu zinazopakiwa bandarini hapa, ukitoa zile za India, nyingi zinaishia huko. Wao wanabangua, wanauza dunia nzima. Nikachaguliwa mimi na Mama Mwenyekiti. Swali la kwanza nililoulizwa kikundini halikuwa la nauli. Lilikuwa: ni mbali kiasi gani?

Ndipo mwanangu akafungua hiyo tovuti, usiku, tumekaa barazani, umeme umekatika na mwanga wote ni wa simu yake. Akaandika Mtwara, akaandika Ho Chi Minh, mji ambao zamani ulikuwa Saigon. Jibu likaja kabla sijameza mate: kilomita 7,715, masaa 9 na dakika 35.

Nilifurahi, sifichi. Basi la Mtwara kwenda Dar linakula masaa tisa hadi kumi kwa kilomita kama 560. Nikajisemea, kumbe Vietnam ni kama kwenda Mbagala tu, tofauti yake unakaa juu. Kesho yake nikawatangazia wenzangu, wakashangilia, mmoja akasema basi tutaondoka asubuhi na kulala huko huko. Tovuti nayo ilisema hivyo hivyo: ukiondoka 08:00 utafika 21:35 kwa saa za kule.

Hilo la 08:00 nitalirudia. Kwanza niseme kuhusu Kiswahili chake.

Ukibonyeza bendera ya Tanzania inakuletea maandishi ambayo sidhani kama yamewahi kupita mbele ya macho ya Mswahili. Safari ya ndege imeitwa “kukimbia”. Muda wa kukimbia kutoka Mtwara, imeandika. Mama Mwenyekiti akauliza, tunamkimbia nani? Chini yake pameandikwa “umbali wa kunguru”. Tulitazamana. Mwanangu ndiye aliyetufafanulia kwamba Waingereza wakitaka kusema umbali wa kunyooka, usio na kona, hutolea mfano kunguru anavyoruka. Sasa kunguru wa Mtwara tunawajua. Hakuna kiumbe anayezunguka kama yule. Akitoka kwenye mwembe wangu kwenda jalalani lazima apitie kwanza Chikongola sokoni, kwenye samaki, agombane na mtu, ndipo aendelee. Toka siku ile kikundini tunaiita hesabu ya kunguru, na jina limekaa.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Mwanangu alinichorea kwenye daftari la mahudhurio. Dunia ni duara, kwa hiyo njia fupi kati ya miji miwili ni kama uzi uliouvuta ukakaza juu ya chungwa. Tovuti inapima uzi, inagawanya kwa mwendo wa ndege, kilomita 850 kwa saa, halafu inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Gawanya 7,715 kwa 850 unapata masaa tisa na dakika tano, weka nusu saa, ndiyo hiyo tisa na thelathini na tano. Kwa hiyo haikudanganya. Ilijibu swali la uzi. Uzi unatoka Mtwara, unakata Bahari ya Hindi, unapita jirani na Maldivi, unashukia Ho Chi Minh. Kasoro yake ni kwamba hakuna ndege inayopita hapo, wala tovuti haikusema kwamba haipo. Mstari mmoja tu ungetosha: “safari ya moja kwa moja hakuna”. Kwa kukosa mstari huo nimekata nyota nzima.

Sisi watu wa Kusini tukitaka kwenda nje tunaanza kwa kwenda Dar. Na hapa kuna jambo lililonichekesha na kunikera kwa pamoja. Nilimwambia mwanangu aandike Dar es Salaam badala ya Mtwara, tuone tumepunguza kiasi gani. Jibu: kilomita 7,719. Unalipa nauli, unapaa kilomita kama 400 kwenda kaskazini, unashuka, na umesogea mbali zaidi na Vietnam kwa kilomita nne. Nimerudia kuandika mara tatu nikidhani simu imekosea.

Tiketi tuliyopata ilipitia Dubai. Tukapima kipande kwa kipande. Mtwara–Dar 400 hivi, Dar–Dubai 3,977, Dubai–Ho Chi Minh 5,619. Jumla unakaribia kilomita 10,000. Uzi wa 7,715 umekuwa kamba.

Kabla ya uwanja kuna mambo ambayo kikokotoo hakiyajui, na sikilaumu. Pasipoti, kadi ya homa ya manjano, viza. Viza ya Vietnam ilikuwa rahisi kuliko vyote, unaomba mtandaoni, dola 25 kwa kuingia mara moja. Pasipoti ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu ya vidole vyangu. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Hata ukijipaka jivu, miaka ikienda yanakula ngozi ya ncha za vidole mpaka inakuwa laini kama kigae. Nilipoweka kidole gumba kwenye mashine ya alama, ikakataa. Cha pili, ikakataa. Kijana wa pale, mpole kweli, akanipa kitambaa chenye maji, akanikandamizia mwenyewe kimoja kimoja, tukapata cha pete na cha mwisho cha mkono wa kushoto. Akaniuliza, mama unafanya kazi gani? Nikamwambia nabangua. Akasema, basi ndiyo maana.

Tulisafiri wiki ya pili ya Januari. Na nusura tusisafiri, kwa kosa ambalo kila msemaji wa Kiswahili analifahamu. Tiketi iliandika Alhamisi, 00:40. Mama Mwenyekiti akapanga: tupande basi la Alhamisi alfajiri pale Mkanaledi, jioni tuko Dar, tunakula, tunapumzika, saa sita na dakika arobaini usiku tunaondoka. Mimi nikaitikia, mpango mzuri. Mwanangu akasonya. “Mama, hiyo ni usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Mkifika Dar Alhamisi jioni, ndege yenu iko Vietnam inarudi.” Kwetu siku inageuka kukipambazuka, kwao inageuka usiku wa manane. Na hiyo 08:00 niliyosema ni jambo lile lile: wenzangu wote waliisoma saa nane mchana, wakati ni saa mbili asubuhi. Tovuti inayojinadi ina Kiswahili ingeandika “saa 2 asubuhi” na “usiku wa kuamkia Alhamisi”. Wangefanya hivyo wangepata nyota ya nne kwangu, tena bila kugusa hesabu yoyote.

Basi tukaachana na basi, tukakata ndege ya Jumatano saa nne asubuhi. Nyumbani nimetoka saa mbili, na bajaji. Ndege haikuondoka saa nne. Iliondoka saa saba kasoro dakika kumi, na sababu tuliambiwa mbili, kila moja na mtu wake. Ilikuwa pangaboi, ile ndege ya mapanga yanayozunguka, na mimi pangaboi naipenda, inaruka chini kiasi cha kuona mikoko. Lakini kikokotoo kinaihesabia mwendo wa 850 kama ndege kubwa, wakati ile inakwenda sita mia na kidogo. Kilisema dakika 58, tukatumia saa moja na dakika tano. Kwa kipande kifupi si kitu.

Dar tulitua saa nane kasoro dakika tano mchana. Ndege ya Dubai ni saa sita na dakika arobaini usiku. Hapo pana karibu masaa kumi na moja ambayo hayamo kwenye tovuti yoyote. Tukahama kutoka jengo la pili kwenda la tatu tukiburuta mabegi, mojawapo limejaa sampuli za korosho zetu, zilizokaangwa na zisizokaangwa. Tukakaa. Tukala mkate wa kumimina niliofunga kwenye kanga. Tukakaa tena. Mama Mwenyekiti akalala kichwa kimeegemea sampuli, akaamka ana alama ya zipu shavuni. Kila baada ya muda ananiuliza, kunguru anasemaje? Namjibu, kunguru kashafika Vietnam zamani.

Dar–Dubai masaa matano na dakika 35. Kikokotoo kilikuwa kimesema matano na kumi na moja, tuiite sawa. Dubai uwanja wake ni mji, tumetembea mpaka magoti yakalia, na chai ya rangi nililipa dirhamu 20 nikaona bora nisijue ni shilingi ngapi. Masaa matatu na robo hapo. Kisha Ho Chi Minh, masaa sita na dakika 40, na hapa tovuti ilizidisha. Ilisema saba na dakika saba. Tukatua usiku wa Alhamisi, saa mbili na dakika kumi kwa saa za kule, ambazo ziko mbele ya zetu kwa masaa manne. Uhamiaji, mabegi, teksi. Nilipoweka kichwa kwenye mto wa gesti, saa yangu ya mkononi, ambayo nilikataa kuibadilisha, ilikuwa inasema saa kumi na mbili jioni ya Mtwara.

Jumatano saa mbili asubuhi mpaka Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Masaa 34. Nimeyaandika kwenye daftari la kikundi kwa kalamu nyekundu.

Lakini sasa sikilizeni, na hii ndiyo nyota ya tatu. Niliporudi nikajumlisha masaa ya hewani peke yake: 13 na dakika 20. Halafu nikajumlisha vile vipande vitatu vya kikokotoo, 58, matano na kumi na moja, saba na saba. Masaa 13 na dakika 16. Dakika nne tu! Kwa safari ya karibu kilomita elfu kumi, kitu cha bure kimekosea dakika nne. Kinachobaki, masaa 20 na dakika 40, ni kukaa kwenye viti vya chuma, foleni, bajaji, na kuvua viatu mbele ya mashine. Kwa hiyo aliyekosea ni mimi, niliyeandika miji miwili tu badala ya kuandika kila kituo. Ukikitumia kipande kwa kipande, na tiketi iko mkononi, ni kitu kizuri kabisa.

Kasoro moja inabaki. Ukigeuza, ukaandika Ho Chi Minh kwenda Dubai, kinakupa masaa saba na dakika saba yale yale. Sisi kurudi tulikaa hewani masaa saba na dakika 25, dakika 45 zaidi ya tulipokwenda. Msimu ule huko juu, upande wa bara Hindi, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unaupiga kifua. Mvuvi yeyote wa hapa atakwambia kwenda na kurudi si safari moja, na wazee wa majahazi walikuwa wanasubiri kusi au kaskazi miezi. Uzi juu ya chungwa hauna upepo.

Kuhusu mashine, nitaandika siku nyingine, zinahitaji maoni yake. Niseme tu kwamba kiwanda kilikuwa Bình Phước, masaa matatu mengine kwa gari kutoka mjini, nayo hayakuwa kwenye masaa 34. Tulipoingia stoo nilisikia kwanza harufu, ile ile ya nyumbani, ya ganda linalochomwa. Kisha Mama Mwenyekiti akanivuta mkono. Kwenye rundo la magunia, moja limelala ubavu, pameandikwa TANZANIA kwa wino mweusi uliofifia. Nikaligusa. Gunia la juti, kona imeshonwa kwa uzi wa bluu. Wenyeji walitushangaa, wanawake wawili wazima wamesimama wanapapasa gunia. Lile lilikuja kwa meli, kwa wiki na wiki, wala halikununua chai ya dirhamu 20.

Kutoka Dar kurudi Mtwara tulipanda basi, kwa sababu hela ilikuwa imekwisha. Kikokotoo cha ndege hakihusiki na hapo, ila nilikuwa nimeshakuwa na ugonjwa wa kupima, nikawa naangalia saa kila mji: Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa pale Ndundu, ambapo zamani mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, Nangurukuru. Tulipita Somanga nikakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua barabara ikakatika maeneo yale, mabasi yakalala njiani huku na huku. Siku zile Dar ilikuwa mbali na Mtwara kuliko Vietnam. Safari hii tulitumia masaa tisa na nusu. Yaani karibu sawa na uzi wa kwenda Vietnam. Furaha yangu ya ile siku ya kwanza niliipata hapo, kwenye kiti cha dirishani, na mguu umevimba.

Kwa hiyo nyota tatu. Nitakitumia tena, mwezi ujao mwenzetu mmoja ana mjomba Oman na ameshaniomba nimpimie. Nimemwambia alete tiketi kwanza.

Jumapili nilikwenda Mikindani kumsalimia mama, nikampelekea majani ya chai ya Vietnam, akayanusa akasema yamekaa kama ya dawa. Akaniuliza huko ulikokwenda ni mbali kiasi gani. Kilomita hazimwingii, kwa hiyo nikachukua ile elfu kumi nikaigawanya kwa barabara yetu.

“Mama, ni kama kwenda Dar na kurudi mara tisa.”

Akanyamaza. Akahesabu kwa vidole, taratibu, na vyake pia vimeliwa na korosho mpaka vinang'aa. Alipofika cha tisa akainua kichwa.

“Kwa barabara ya sasa, au ile ya pantoni la Ndundu?”